Shoka Mbele, Jiwe Nyuma

Mafuriko yalipoingia nyumbani kwetu Awasi mara ya tatu, Baba aliamua kuhamia upande wa Kombewa, akaniandikia barua chuoni: njoo ubebe shoka. Kwetu Waluo, anayefungua boma jipya hutangulia na jogoo, mkewe huchukua moto, na kifungua mimba wao hubeba shoka la kukatia nguzo ya kwanza. Kifungua mimba ni mimi. Lakini nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na kila kitu nilikitaka kijieleze kwanza ndipo nikikubali. Nikamjibu kwamba shoka halijui limebebwa na nani. Mpe mdogo wangu.

Jibu hilo lilinifurahisha siku nne. Siku ya tano nikaanza kumwona mdogo wangu akitembea mbele ya watu, shoka begani. Nguvu za shoka sikuziamini hata kidogo. Nilichoshindwa kuvumilia ni lile bega. Nikapanda treni hadi Kisumu, nikaenda kuwasubiri njia panda ya Mamboleo.

Walitokea siku ya pili ya safari yao, asubuhi. Gari la ng'ombe walilokuja nalo, Baba alilinunua kwa mzungu aliyekuwa akifunga shamba ili arudi kwao: magurudumu manne makubwa, turubai juu, maksai sita wakilikokota. Ndani mlikuwa na milango ya nyumba ya zamani, jiwe la kusagia, kuku, na nyanya yetu aliyekataa kushuka. Mama alitembea kando na taa ya mafuta inayowaka juani, maana moto wa nyumbani haukutakiwa kuzimika. Nilitaka kumuuliza kama wa kiberiti si moto, lakini macho yalinitangulia. Mbele ya maksai alikuwa mdogo wangu. Shoka begani. Tena amevaa shati langu.

"Omera, ndugu yangu, umekuja kukagua?" aliniuliza.

"Nimekuja kusaidia."

"Kusaidia nini? Kila kitu kina mwenyewe."

Nikamwambia, kama mtu anayefafanua jambo dogo tu, kwamba kwa desturi kifungua mimba akiwepo, shoka ni lake.

"Desturi!" Alicheka hadi maksai wakatikisa masikio. "Baba, msomi anasema desturi! Kwani siku hizi shoka linajua nani amelibeba?"

Kumbe barua yangu ilisomwa kwa sauti.

Baba hakucheka. Alimhamisha jogoo kwapa la pili. "Ametoka nalo nyumbani. Shoka halibadilishi bega njiani. Wewe chukua jiwe."

Barabara ikipanda, maksai husimama kupumua, na mtu wa nyuma huweka jiwe chini ya gurudumu gari lisirudi. Wakianza tena, anaokota jiwe lake na kufuata. Tulipopita Kisian vilima vikaanza, nami nikavijua vyote, kimoja kimoja. Nilikula vumbi, na kila nilipoinuka niliona, mbali mbele, chuma cha shoka kikimeta. Watu walitoka majumbani kumsalimu aliyelibeba. "Mwana wa kwanza, hongera!" Hakuwasahihisha hata mmoja. Mama mmoja alituletea maji, akasema, "Mpeni na kibarua wenu." Mama yangu alimwambia kwamba huyo ni mwanawe, lakini nilikuwa nimeshakunywa.

Tulipofika, Baba akaonyesha mti. Mimi nisiyemwomba Mungu niliomba shoka liteleze, limfanye kichekesho. Halikuteleza. Mti ulianguka vizuri, nyanya akapiga vigelegele kutoka garini.

Kisha Baba alipima kwa hatua mahali pa lango, akaniita upande wa kulia, panapojengwa nyumba ya kifungua mimba. "Hapa ni pako," alisema. "Kuzaliwa hakufutwi na barua." Mdogo wangu akapewa kushoto. Kwa hiyo, ukinibana, sikupoteza kitu.

Nimejijibu hivyo mara nyingi. Ila shoka lilibaki kwake. Limetundikwa ukutani, na wageni wakifika, yeye ndiye anayewasimulia safari, nami husahihisha: maksai walikuwa sita, si nane. Nikija likizo na kuhitaji kupasua kuni, inanibidi nivuke ua kuliomba.

"Chukua tu," husema, mkewe akisikia. "Lakini ulirudishe, msomi."

Nami hulirudisha siku hiyo hiyo, nikiwa nimelinoa.