Mapacha wa Aafke na Barua za Daktari

Watu wa Harlingen, bandari yetu ya Uholanzi, wakimtaja Aafke Sipkes husema alikuwa mfuaji wa nguo mwenye roho mbaya. Ni kweli, na alikuwa na haki nayo. Mimi Bauck, muuza samaki, niliishi naye ukuta kwa ukuta tangu tuko wasichana, na atakayemsema mbele yangu nitamchapa kwa samaki yeyote niliyemshika.

Zamani hakuwa hivyo. Alikuwa mnene, mcheshi, akiimba zaburi huku anasugua nguo, na aliimba vibaya mpaka tunamwomba anyamaze kwa ajili ya Mungu. Mumewe Douwe alizama na meli ya kuvua samaki wa heringi akamwacha mjamzito. Uchungu ulimshika katikati ya baridi, mifereji yote imeganda. Mkunga alihangaika akashindwa, akaitwa Daktari Gellius. Aafke akazimia. Alipozinduka alimkuta daktari ananawa mikono.

"Walikuwa mapacha wa kike," akamwambia. "Wameungana kifuani. Hawakupumua hata kidogo. Nimeshawapeleka kuzikwa, wewe pumzika."

Alipopata nafuu akaomba aonyeshwe kaburi. Mara theluji imefunika, mara mchimba kaburi hakumbuki. Mwishowe akaacha kuuliza, akawa analia upande wangu wa ukuta.

Sasa huyo daktari. Kutibu alitibu, sikatai, lakini moyo wake ulikuwa kwenye chumba cha juu alikorundika maajabu yake: mamba aliyekaushwa, makombe ya baharini, mayai ya mbuni, mawe yenye samaki ndani. Na barua. Mungu wangu, barua! Aliandikiana na madaktari wa Padua, Basel, London, watu ambao hajawahi kuwatia machoni. Huyu anatuma mbegu, yule anarudisha kombe. Barua ikifika inasomwa mezani mbele ya wageni, inanakiliwa, inapelekwa kwa rafiki mwingine, na yeye naye anaipeleka mbele. Gellius akipiga chafya hapa kwetu, Padua wanamwombea afya. Sifa hizo zilimlewesha kuliko pombe.

Aafke ndiye aliyemfulia nguo. Siku moja alipandisha shuka safi ghorofani, akamkuta na mgeni, tajiri mmoja wa Amsterdam, wamesimama mbele ya mtungi wa kioo. Ndani ya mtungi, kwenye mvinyo mkali, watoto wawili wamekumbatiana.

"Mama yao ni mke wa baharia wa hapa hapa," Gellius alikuwa anasema. "Niliwachukua akiwa amezimia. Nikamwambia wamezikwa." Wakacheka wote wawili.

Shuka zilimdondoka Aafke. "Nipe wanangu, Bwana Daktari."

"Wanao gani? Usiniaibishe mbele ya mgeni."

"Hao hapo. Nipe nikawazike."

"Ukiwazika wataliwa na funza. Hapa watadumu kuliko mimi na wewe. Ungeshukuru, mwanamke wee! Wanajulikana mpaka Basel."

Akaenda kwa wazee wa kanisa. Wazee wenyewe kila mmoja ana tumbo au jongo linalotibiwa na Gellius. Wakamwambia elimu ni zawadi ya Mungu, asimsumbue bwana mkubwa. Thubutu! Wangekuwa wajukuu wao ningewaona.

Jioni ile hakulia. Alikaa jikoni kwangu, hagusi heringi wala kitunguu, akasema, "Bauck, nataka wanangu. Nikishawapata, nataka alie."

"Kwa utaratibu huo?"

"Huo huo."

Akarudi kufua. Akamwamkia daktari kwa heshima, akamnyooshea kola zake mpaka zikasimama, na yule mpumbavu akaamini mambo yamekwisha. Mimi niliyemjua niliogopa jinsi alivyokuwa mpole.

Kisha zikaja habari za Copenhagen. Kulikuwa na daktari mkubwa huko, mkubwa wa wakubwa, ambaye wote waliandika wakisubiri neno lake. Huyo alimwahidi Gellius pembe ndefu ya yule nyangumi wa barafuni mwenye pembe moja, kwa sharti moja: atumiwe mapacha. Gellius aliruka kama ndama. Akawaandikia marafiki wote kwamba pembe inakuja na mapacha wanakwenda. Meli ilikuwa bandarini tayari. Wangeondoka nayo, Aafke asingewaona tena duniani.

Na mnajua alimwita nani amfungie mtungi? Aafke! "Lete matambara ya shuka kuukuu, uuviringishe vizuri," alimwambia. "Mikono yako haivunji vitu." Alikuja kwangu mbio na kapu lake. Tukala njama.

Nilikuwa na nguruwe aliyezaa siku zile. Nikatoa vitoto viwili vilivyokufa, nikavishona kifua kwa kifua kwa uzi wa viatu. Sijawahi kushona kwa raha kama siku ile. Aafke akavificha chini ya matambara kwenye kapu lake. Daktari alikuwa chumba cha pili anaandika barua ya kusindikiza mzigo, na akishaandika huyo hasikii hata nyumba ikiungua. Aafke akafungua kamba, akaondoa kibofu cha nguruwe kilichofunika mdomo wa mtungi, akawatoa wanawe. Vitoto vyangu vikaingia. Daktari alipotoka, mtungi ulikuwa umeshaviringishwa mpaka shingoni. Akaupigapiga kwa mapenzi, ukapigiliwa ndani ya pipa, ukaenda.

Kaburi la marehemu mume wangu lilikuwa bado bichi. Hakuna aliyeshangaa kutuona mchana kweupe tunalilima ili tupande maua. Marehemu alipenda watoto. Aafke aliwashusha mwenyewe, akawaita mmoja Sjouk, mwingine Hiske, akaimba zaburi nzima. Safari hii sikumwambia anyamaze.

Yaliyotokea Copenhagen tuliletewa na mabaharia wetu. Yule mkubwa aliita wageni, maprofesa watupu. Ikasomwa kwanza barua ya Gellius, ndefu, yenye nyuso za malaika na maajabu ya Muumba. Kibofu kikafunguliwa. Profesa mmoja akachomoa vitoto vya nguruwe, uzi wa viatu unaning'inia. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Na kile kicheko kilinakiliwa, kikapelekwa kwa rafiki, na yeye naye akakipeleka mbele, Basel, London, Padua, njia zile zile.

Pembe haikuja. Barua nazo zikakoma. Gellius akawa anashinda bandarini kungoja boti ya posta, wigi limekwenda upande, anauliza mabaharia kama hawakusahau kifurushi chake. Watu walimpita wakiguna kama nguruwe. Na mimi niliguna, tena kwa sauti.

Mwishowe akamfuata Aafke mferejini, wafuaji wote wakiwepo.

"Wako wapi?"

"Akina nani, Bwana Daktari?"

"Wanao!"

"Ahaa! Leo wamekuwa wanangu?"

Akapiga magoti kwenye maji ya sabuni. Alitaka Aafke aende naye kwa mthibitishaji wa viapo, aape kwamba mapacha walikuwepo kweli, ili awaandikie wenzake kuwa yeye si tapeli. "Nakuomba, mama. Hakuna anayenijibu. Hakuna hata mmoja."

"Kwanza sema ulichofanya. Sema wote wasikie."

Akasema. Aliwachukua mama yao akiwa amezimia. Alidanganya kuhusu kaburi. Aliwaonyesha wageni, akacheka. Alisema huku kamasi zinamtoka, na mferejini hakuna aliyesugua nguo.

Aafke akamsikiliza mpaka mwisho. Akakamua shuka aliyoshika, akaitia kapuni, akajitwika.

"Vizuri," akasema. "Sasa nenda nyumbani ukangoje barua."

Nilimkimbilia njiani. "Hutaenda kumwapia? Si ameshasema?"

"Wanangu wamelala, Bauck," akanijibu bila kusimama. "Yeye na akeshe."