Mtu wa Josho

"Tulia, mama," ndivyo alivyomwambia kila ng'ombe kabla ya kupitisha kidole gumba nyuma ya sikio na kung'oa kupe, na ng'ombe akatulia. Josho la kuogeshea ng'ombe lilikuwa kavu tangu Julai. Halmashauri ya kijiji haikuwa imepitisha makadirio ya mwaka, na bila makadirio lori haliendi Mugumu kuchukua dawa. Yeye, mhudumu wa josho, aliifanya kazi ya dawa kwa vidole, akiimba Kikurya polepole, kupe akiwatia kwenye kopo la kahawa.

Katika kikao cha nne cha halmashauri, Agustina, karani wa kijiji, alikuwa amechoka kuandika "kimeahirishwa" alipomwona mhudumu akiingia na kopo. Aliwaamkia wazee shikamoo, akaliweka mezani, akalifungua. "Hawa ni wa asubuhi hii tu," akasema kwa upole. Wajumbe waliendelea kubishania viti vya ofisi mpaka kupe wakafika kwenye karatasi zao. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono makadirio; mikono yote ikapanda juu, na miguu pia. Agustina akaandika "yamepita", akitabasamu. Mhudumu akazunguka nyuma ya mwenyekiti, akamwinamia shingoni.

"Tulia, mzee," akasema, na mwenyekiti akatulia.