Idhini Mbili Kabla ya Desemba

Dada yangu alimpa mteja nambari yake ya siri kwa sauti, mbele ya kibanda kizima.

"Weka mwaka niliozaliwa," alimwambia. "Halafu uniambie kama imeingia."

Simu ilikuwa juu ya mapaja ya msichana wa chuo aliyekuwa akisukwa. Pale Kenyatta Market kichwa kimoja husukwa na watu watatu kwa pamoja ili mteja asikae kutwa, na dada alikuwa wa nyuma. Aliyekuwa amelipa ni mteja mwingine. Alikuwa amemaliza, anajigeuza mbele ya kioo na anataka kwenda. Mikono ya dada ilikuwa imejaa jeli, viganja na vidole, na kidole chenye jeli hakifungui simu.

"Mwaka gani?" msichana akauliza.

"Wewe unanionaje?"

"Weka wa zamani tu, usiogope," akasema msusi wa kushoto, na kibanda kikacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Programu iliyokuwa ikifunguliwa ilikuwa pochi ya sarafu za kidijitali, na mimi ni mmoja wa watu wanaoiandika. Anayeijua nambari ile anaweza kuhamisha kila kitu kilicho ndani, na hakuna benki ya kupigia simu wala ofisi ya kwenda kulalamika. Mimi ndiye niliyemwekea dada programu hiyo, nikamkalisha chini na kumwonya asimwambie mtu yeyote nambari yake, hata mama.

"Umekunja uso hivyo kwani kuna nini?" dada aliniuliza bila kugeuka.

"Umetangazia soko nambari yako."

"Sasa nitafanyaje? Pesa ya simu ya kawaida ikiingia, message inakaa hapo juu, mtu yeyote ananisomea. Yako ni mpaka ninawe mikono kwanza."

"Ni kwa sababu ya usalama."

"Usalama wa nani na mimi niko kazini?"

Nilimwambia nitairekebisha. Akauliza kama itakuwa tayari kabla ya Desemba, watu wakianza kusukwa ili waende ushago, kijijini kwao. Msimu huo anasuka kuanzia asubuhi hadi giza liingie, wala hapati nafasi ya kunawa. "Ikifika saa hiyo bado iko hivi, naitoa," alisema. "Usinichukie."

Nilimwambia itakuwa tayari. Sikumwambia kwamba yeye ndiye mtumiaji pekee wa programu yetu niliyewahi kumwona kwa macho.

Nikisema naiandika pochi hiyo, simaanishi nimeajiriwa. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, mtu yeyote duniani anaweza kuusoma, kuuchukua, au kupendekeza badiliko. Kodi ya chumba changu cha Kangemi inatokana na tovuti ninazotengenezea maduka ya vipuri kule Kirinyaga Road, kazi ambayo naifanya vizuri bila kuipenda. Kuandika programu sikufundishwa darasani. Nilijifunza kwa kusoma msimbo wa watu wengine, mstari kwa mstari, na mpaka leo nikikutana na mtu aliyesomea kompyuta chuoni nasubiri aniulize swali litakalonifichua. Yeye akikosea, ana cheti cha kumkinga. Mimi nina msimbo tu, na umeanikwa hadharani. Kosa langu la mwaka juzi bado lipo, na jina langu liko kando yake. Huwa naenda kulitazama, jinsi mtu anavyogusa jino linalouma kwa ulimi.

Badiliko la dada lilikuwa dogo. Nilitaka, hata kama pochi imefungwa, malipo yakiingia, skrini ionyeshe kwamba yameingia na yametoka kwa nani, bila kuonyesha kilichomo ndani. Mtu yeyote angeweza kumsomea dada na asiweze kufanya kitu kingine. Niliiandika rasimu ya kwanza haraka, ikafanya kazi, kisha nikaanza kuiandika upya, nikarudi hata sokoni kumuuliza dada majina ya wateja wake ni marefu kiasi gani, na hapo ndipo muda ulipoanza kupotea.

Mradi wetu una kanuni moja. Badiliko haliingii mpaka wakaguzi wawili waliidhinishe, na idhini inahusu msimbo ule ule walioukagua. Ukigusa chochote baada ya hapo, hata ukiongeza nafasi tupu, idhini zote zinaanguka na wakaguzi wanaanza upya. Ni kanuni nzuri. Bila hiyo mwizi angeomba idhini kwa msimbo safi kisha apenyeze uchafu baadaye. Mimi mwenyewe niliwahi kuitetea kwa maneno mengi.

Wakaguzi wenyewe siwajui. Mmoja nilimjua kwa picha aliyoiweka, paka wa kijivu. Mwingine alikuwa na picha ya mlima wenye theluji. Katika maelezo ya badiliko niliandika kwamba dada yangu ni msusi, kwamba mikono yake huwa na jeli, na kwamba katika kazi yake mteja ndiye anayemsomea simu.

Mwenye paka akauliza kwa nini dada asifute mikono.

Nilitembea kutoka Kangemi hadi Westlands nikilijibu swali hilo kichwani. Kwa nini asifute mikono! Nilitaka kumwambia aje afute mikono kila baada ya msuko mmoja huku foleni ikimtazama na wenzake wawili wakimngoja ili kichwa kisiende upande. Nilichomwandikia mwishowe kilikuwa kirefu mno, kimegawanywa kwa vichwa vidogo, chenye heshima ya kupita kiasi. Mwenye mlima akasema skrini iliyofungwa haipaswi kutoa habari yoyote, na kwamba hilo ni suala la msimamo. Tukabishana. Baadhi ya siku nilifungua kompyuta nikiwa tayari nimeshachoka. Nilikuwa nikimweleza mtu asiyewahi kusukwa jinsi kichwa kinavyosukwa, kwa Kiingereza, huku nikiogopa kukosea kiambishi kimoja nionekane sijui kazi.

Kisha wakakubali, kwa namna ambayo sikuitegemea. Mwenye paka aliandika kwamba ameijaribu akiwa na glavu za jikoni na amenielewa. Akaidhinisha. Siku iliyofuata mwenye mlima naye akaidhinisha. Nilikuwa Kirinyaga Road, ndani ya duka, mwenye duka akinielekeza niweke picha ya shokamzoba juu kabisa ya tovuti yake. Niliona ujumbe kwenye simu nikamwambia shokamzoba lake ni zuri sana. Akanishukuru.

Sasa ilibaki msimamizi wa mradi abonyeze kitufe tu, badiliko liingie. Jioni ile nikalisoma badiliko langu tena, kwa furaha, kama mtu anayejitazama na suti mpya. Nikaona ndani ya msimbo kijina kimoja ambacho hakikuelezea vizuri kazi yake.

Nilijua idhini zitaanguka. Hiki ndicho ninachoshindwa kumweleza mtu. Si kwamba nilisahau kanuni. Nilikaa nikitazama kile kijina, nikawaza watu wasionijua wakikisoma mwaka ujao na mwaka wa baada yake, na mkono ukaenda. Nikabadilisha. Alama mbili za kijani zikawa kijivu.

Wakaidhinisha tena, kwa upole. Nikaona mistari miwili ambayo ingekuwa bora ikipishana nafasi. Zikaanguka tena. Mwenye paka akaandika, "Tafadhali acha kuigusa." Nikaomba radhi kwa aya mbili.

Jumapili nilikwenda Mutuini kwa wazazi. Shamba letu la zamani sasa nusu yake ni nyumba za kupangisha, na ukitaja sarafu za mtandaoni kule watu wanashika mifuko yao, kwa sababu wengi wameshaliwa pesa na matapeli wa kwenye simu. Kwa hivyo nyumbani husema nafanya "kompyuta". Mama huniita baba, kwa kuwa nimepewa jina la babake.

"Baba, ile approval yako ilitoka?" aliniuliza akinipakulia githeri.

"Imetoka tena leo asubuhi. Kabla ya hapo ilitoka mara mbili. Ikaanguka."

"Ikaanguka vipi?"

"Niliiangusha."

Akanitazama akiwa na mwiko mkononi. "Na mimi nimewaambia wamama wa kanisa wakuombee. Wanajua ni ya visa."

"Mama, si visa."

"Sasa nitawaambia nini? Wengine walifunga."

Baba alicheka mpaka akaweka sahani chini. Nilitaka kucheka pia, lakini kompyuta ilikuwa kwenye begi karibu na mguu wangu na nilikuwa nimeshakumbuka kwamba kwenye simu za zamani jina refu la aliyelipa lingekatika mwishoni. Halikuwa kosa kubwa. Mtu angeliripoti, lingerekebishwa katika toleo linalofuata, hivyo ndivyo programu zote zinavyoishi. Idhini zilikuwa zimerudi asubuhi ile, zote mbili. Nilifungua kompyuta pale pale mezani, sahani ikipoa, nikarekebisha jina lisikatike. Nilijiambia kwamba dada ana wateja wenye majina marefu.

Safari hii hakuna aliyerudi kukagua. Nilifungua ukurasa asubuhi, nikaufungua nikiwa kazini, nikaufungua nikinunua sukuma wiki. Hakukuwa na kitu. Nisingeweza kuwalaumu, nao hawalipwi, lakini niliwalaumu. Halafu msimamizi akatangaza kwamba toleo la mwisho wa mwaka limefungwa na hakuna kipya kitakachopokelewa ila marekebisho ya makosa makubwa. Badiliko langu likahamishiwa toleo la baada ya Pasaka. Hakuna aliyenikasirikia wala kunifokea. Mtu alibadilisha tu neno moja kwenye ukurasa na Desemba yangu ikaisha.

Niliandika malalamiko marefu kuhusu wakaguzi wanaoishi mahali ambapo mtu huwa na nafasi ya kunawa mikono. Niliyasoma, nikayanyoosha, nikaona nayanyoosha, nikayafuta.

Nikaenda Kenyatta Market kumwambia dada mwenyewe, ana kwa ana. Msimu ulikuwa umeanza. Wanawake wa getini walikuwa wakiwashika wateja mikono wakiwaambia bei, na moshi wa nyama ulikuwa umeenea mpaka kwenye vibanda vya nywele. Dada alikuwa na kichwa mikononi na wengine wanne wamekaa kwenye benchi.

"Sijamaliza ile kitu," nilisema.

"Kitu gani?"

"Ya simu. Ya malipo kuonekana. Itaingia baada ya Pasaka."

"Ah." Alishuka na msuko mpaka mwisho kabla ya kuendelea. "Hiyo nilitoa."

"Ulitoa lini?"

"Kitambo. Ile siku ulikuja hapa ukiwa umekonda, ukaniuliza wateja wangu wana majina marefu aje."

Nilihesabu kichwani na sikupenda jibu. Mara zote zile nilizoigusa kwa ajili yake, haikuwa tena kwenye simu yake.

"Ulihamisha vilivyokuwa ndani kwanza?" Hilo ndilo swali lililonitoka. Sijui kwa nini.

"Nilihamisha. Kwani mimi ni mjinga?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kula. Unajijua." Akamwinamisha mteja kichwa. "Na nilikuwa nakuona hapo mlangoni kila mara unasema imebaki kidogo. Nikasema acha amalize kwanza, nitarudisha. Sasa kama hamalizi?"

Msusi wa kushoto akachukua fungu jingine la nywele.

Nilikuwa na hasira na sikupata wa kuikabidhi. Dada alinisukumia rundo la nywele za kusukia. "Kaa hapo unichambulie. Ncha zisiwe sawa, zipishane kidogo, zikiwa sawa msuko unaonekana umekatwa."

Nikakaa kwenye ukingo wa benchi nikachambua. Ilikuwa kazi ngumu kwangu. Mikono ilikuwa inazilinganisha yenyewe, na kila nikimpa fungu anazivuta tena ili zipishane.

"Prof," akasema msusi wa kushoto, "hizo tunataka leo."

Nilikaa hadi benchi likabaki na mtu mmoja. Hatukuongea tena habari ya pochi. Dada alininunulia nyama na kachumbari, akahakikisha nimekula.

Januari, bila mimi kufanya chochote, mwenye paka aliidhinisha. Mwenye mlima naye akafuata. Sikulifungua badiliko kulisoma. Nilizima kompyuta nikaenda sokoni Kangemi kununua viazi ambavyo sikuvihitaji, na niliporudi msimamizi alikuwa ameshabonyeza. Lilikuwa limeingia. Baadaye nililisoma, bila shaka. Kuna kitu kwenye mstari wa kati ambacho sikipendi.

Wiki ileile mwenye paka aliniandikia. Alisema anapenda kazi yangu, kwamba tatizo lile wasingeligundua wenyewe, na kwamba kabla ya toleo kutoka wangetaka badiliko lijaribiwe na mtu halisi akiwa kazini. Je, dada yangu msusi angekubali? Wangempa muda anaoutaka. Kama si yeye, basi msusi mwingine yeyote ninayemfahamu anayeitumia pochi.

Nilianza kumwandikia kuhusu Desemba, kuhusu soko, kuhusu jinsi malipo ya kawaida yanavyomtosha kwa sasa. Nilitafuta namna ya kuisema isiyoonekana kama lawama wala kama aibu, na kila sentensi ilikuwa na kasoro. Nikazifuta zote. Nikamwandikia kwamba dada ameacha kuitumia, na kwamba simjui mwingine.