Seli za Akyaa

Akyaa tulimzika Jumamosi kwao Mampong. Jumatatu nilipofungua kabati la joto, seli zake zilikuwa zimeongezeka.

Mimi si mtu wa kutishwa na vitu vya maabara. Nimezeekea humu Kumasi, nimeshaona chupa zikiota ukungu, zikilipuka, zikinuka. Lakini nilipoinamia hadubini asubuhi ile, mwili ulinisisimka. Seli za wagonjwa wengine, watu walio hai wanaokula fufu yao mjini, zilikuwa zimechoka na kufa. Za marehemu zilijaa tele, mviringo, zinang'aa.

Aliyezitunza ni mdogo wake, Dufie, mwenzangu wa meza moja. Mbishi huyo, mchapakazi, mwenye kula pilipili huku akilalamika kiungulia. Alisomea mambo ya damu kwa ajili ya dada yake. Akyaa alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, madaktari wakasema hatafika hata umri wa shule, naye akafika miaka arobaini na kitu. Dufie alikuwa na wazo lake. Kuna protini ambayo mtu akishazaliwa hukaa juu ya DNA na kuizima ile damu ya tumboni mwa mama, damu ambayo seli zake hazipindiki kama mundu. Huenda kwa Akyaa protini hiyo ilishindwa kukaa, damu ile ikaendelea kumlinda. Ndiyo maana Akyaa alimpa mkono amtoe damu, akamcheka, "Nyonya tu, mbu wangu."

Njia za kupima zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya jeli: unachanganya protini na kipande cha DNA, unavipitisha kwenye jeli kwa umeme, na DNA iliyobeba protini hujikokota nyuma. Seli hai huzigusi. Ila jeli hukuambia tu kwamba viwili hivyo vinaweza kushikana, haikuambii kama vilishikana ndani ya Akyaa. Ya pili, unamimina fomalini juu ya seli zikiwa hai. Kila protini inagandia palepale ilipo, kisha unaivua unayoitaka pamoja na DNA yake. Hiyo inajibu swali, nayo inaua kila kitu. Tena ilihitaji chupa nzima ya seli, na akiba iliyokuwa kwenye friji iliharibika umeme ulipokatika, ikabaki chupa hii moja.

Dufie akachagua jeli.

"Jeli haitakupa jibu," nikamwambia.

"Naanza nayo tu."

"Usinizuge, Dufie. Hutaki kummwagia dawa."

Akafutafuta meza iliyokwisha kuwa safi. "Mochwari walimwekea hiyohiyo. Niliinusa kwenye nywele zake. Mimi tena nimmwagie? Siwezi, dada."

Nilikasirika, na nilimhurumia, vyote pamoja. Jeli zikaja, moja baada ya nyingine, hazisemi kitu. Yeye akawa anafungua kabati na kuisimulia chupa habari za nyumbani, nani kaja matangani, nani kalewa. Na wallahi, kila nikitazama baadaye, seli zilikuwa zimezidi. Nikaanza kuogopa kubaki peke yangu na kabati lile.

Ndipo mama yao akaja, Mama Birago, na kitambaa chake chekundu cha msiba, bila kuitwa.

"Dada yako anakuja mlangoni kwangu," akamwambia Dufie. "Haingii, haondoki. Anasema kuna mtu kamshika mguu. Ni wewe?"

Dufie akalikinga kabati kwa mgongo.

"Nakuuliza wewe. Unaye?"

"Ninazo seli tu, Mama."

"Ziko hai?"

"Ndiyo."

"Basi unaye. Mwachie."

Hakupaza sauti. Dufie alilia, akabisha, akasema ni sayansi, kisha akaenda kuitoa chupa. Mama Birago akavua ndala, kama anayeingia kwa mfalme, akaisogelea. "Akyaa, mwanangu, umetusaidia vya kutosha. Bibi yako anakungoja. Nenda."

Dufie akamimina fomalini. Mimi nilimshikia chupa. Harufu ilipopanda, mama aliitambua, akaziba mdomo kwa kitambaa.

"Amekwenda?"

Dufie akaweka tone chini ya hadubini, akainama. Alikawia mno, nikamgusa bega.

"Amekwenda, Mama."

Mama Birago akashusha pumzi. Alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akamshukuru, akavaa ndala zake, akashuka ngazi taratibu.

Nikainama mimi nami. Fomalini haiharibu sura, huigandisha seli ilivyo. Hilo nalijua, nimelifundisha miaka mingi. Zilikuwa palepale, mviringo, zinang'aa.

Dufie akanishika mkono. "Sema kweli, dada. Unaona tofauti na jana?"

Sikuiona.