Malaria ya Kiwikoni

Sioni haya tena kuisimulia, ila siku yenyewe niliona, niliona mpaka masikio yakawaka moto, kwa hiyo nyie chekeni tu, mimi zamu yangu ya kulia nilishaimaliza.

Mnanijua ni mtu wa nyumbani, nikitoka kwangu Sakina mara mbili kwa wiki mtaa unauliza kuna nini. Basi miaka ile ya ruksa, mjini kila kitu kimeanza kuuzwa kuanzia mitumba mpaka vipimo, nikashika mimba ya tatu (mbili za kwanza zilitoka kabla sijashona hata gauni), na daktari akasema mkojo umeshaonyesha mimba ipo, sasa anataka damu ioneshe homoni yake ni kiasi gani. Nitolewe Jumatatu kwenye maabara mpya ya mtu binafsi, nirudie Jumatano. Kiasi kikipanda kama mara mbili, mimba inakua, kikishuka, nijiandae. Mume wangu Elirehema, fundi wa magari kule chuo cha misitu Olmotonyi, alikuwa harudi mpaka Jumamosi, akasema majibu atayapitia yeye. Tukakubaliana tusimwambie mtu. Mimba changa haitangazwi, na mimi nilishatangaza mbili nikabaki kupokea pole.

Jumatatu narudi, jirani yangu Mama Shose yuko getini.

"Umetoka wapi, Aneth?"

"Kupima malaria."

Uongo mdogo kiasi hicho. Mama Shose akautazama mkono wangu, pamba imebandikwa kiwikoni, akasema taratibu, "Malaria siku hizi inatolewa kiwikoni? Wanangu wote hutobolewa kidole."

"Ni mashine mpya."

Jumatano nikaenda na sweta, jua la Januari linachoma, nikarudi nikakaa kufua, nikakunja mikono bila kufikiri, na Mama Shose akaiona pamba ya mkono wa pili. Sasa wakati ule mtu akitolewa damu ya mkononi mara mbili, mtaa ulikuwa na jibu moja tu, na jina lake halikutajwa, ulikuwa "ule ugonjwa". Jioni akaja kuchukua kisu chake cha kumenyea ndizi, kisu tulichokitumia wote mwaka mzima.

Ningeweza kusema. Nikaona afadhali wanizike mdomoni kuliko nitangaze mimba kisha itoke (akili hizo nilitoka nazo fomu foo).

Jumamosi mchana, hodi. Kina mama wa jumuiya, kumi kamili, Mama Shose akiwa mbele, kila mmoja na mfuko wa sukari, na nyuma yao mama mkwe kutoka Akheri, macho mekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," akanikumbatia kwa mbali, kama anakumbatia jiko lenye moto.

Nikapika chai, nikamimina, wakaanza kumwombea dada yetu katika safari yake. Nikafumbua jicho moja. Vikombe kumi na kimoja, vimejaa, hakuna aliyegusa, na maziwa yameanza kutanda utando juu. Mimi nilishavumilia kisu. Chai sikuweza.

Nikasimama katikati ya maombi. "Nyweni chai. Damu ilikuwa ya kupima mimba. Na hata ningekuwa nao huo ugonjwa, haukai kwenye kikombe."

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa heshima, lakini kwa hasira nikamgeukia mama mkwe nikamtajia na siku yenyewe, Krismasi kule kwake, mimi na mwanawe tuliposema tunaumwa vichwa tukabaki nyumbani wao wakaenda kanisani.

Hapo mlango ukafunguliwa, Elirehema huyo na bahasha. Akamwona mama yake analia, mimi nimesimama, kina mama wameinamisha vichwa, akakaa sakafuni palepale.

"Imetoka?"

"Sijui. Majibu unayo wewe."

Hakuwa ameifungua, aliogopa. Nikaichana mbele yao wote, namba zinacheza, nikampa Mama Shose karatasi (siku zote alituambia shuleni hesabu alikuwa wa kwanza). Akasoma, akarudia, akahesabu kwa vidole. Nilivitazama vile vidole kama mtu anayesubiri hukumu.

"Ya Jumatano ni mara mbili ya Jumatatu," akasema, "na chenji."

Kisha akachukua kikombe kilichopoa akanywa chote, na utando wake. Wengine wakafuata. Mama mkwe akafuta macho, akamtazama mwanawe pale sakafuni.

"Kumbe ndivyo vilivyokuwa vinauma, vichwa."

Mtoto mwenyewe sasa amenipita urefu. Nilichojifunza ni kwamba ukitaka kusingizia malaria, kwanza utobolewe kidole, na mimi sidanganyi tena. Mimba iliyofuata nilikwenda kupima na gauni lisilo na mikono, pamba nje, nikapita mbele ya kila geti, na aliyeuliza nilimweleza mpaka akaomba nimwachie njia. Kuomba radhi sikuomba. Kisu Mama Shose alikirudisha mwenyewe. Ile sukari tuliinywa mpaka Pasaka, na sikumrudishia mtu.