Picha ya Kabula Ukutani

Kuna siku moja ya soko, mwanangu, ambayo hata nikitaka kuisahau haisahauliki. Jana uliponiambia kuna mtu mjini anataka kununua picha za babu yako zilizobaki, zile zenye fremu, sikukujibu. Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika, nilikuwa nimemkumbuka mama mmoja wa Kisesa. Leo kaa hapa nikusimulie, na hiyo simu iweke kando kidogo, haitakimbia.

Babu yako, yaani baba yangu, alikuwa mpiga picha hapa Mwanza. Alitoka Nansio, kule kisiwani, akiwa kijana, akajifunza kazi kwa watu, mwisho akafungua studio yake mwenyewe karibu na soko. Mbele kulikuwa na chumba cha kupigia picha, chenye pazia lililochorwa ghorofa na ndege juu yake. Nyuma kulikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha. Tulikuwa na stuli, maua ya plastiki, na redio kubwa ambayo ndani haikuwa na kitu, maana fundi alishachomoa mashine yote. Watu walipenda sana kupigwa picha wakiwa na ile redio. Ukiangalia picha za wakati ule utadhani kila nyumba ilikuwa na redio, kumbe ni hiyo hiyo moja ya kwetu, tena bubu.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nikawa namsaidia baba. Nilipokea wateja, nilikata kingo za picha, na kama mtu alitaka midomo yake iwe myekundu niliipaka rangi kwenye picha kwa brashi. Kazi ile niliipenda, nisikudanganye.

Juu ya meza ya kupokelea wateja ilining'inia picha moja kubwa kwenye fremu ya mbao. Msichana amekaa kwenye stuli, amevaa gauni la maua, mkono mmoja ameuweka juu ya redio, na anajizuia asicheke. Huyo ndiye Kabula. Alikuja kupiga picha ile akiwa amechumbiwa, akaambiwa arudi kuichukua baada ya siku chache, na hakurudi. Homa ilimpata akafariki kabla ya harusi. Ile ndogo aliyokuwa ameiagiza alikuja kuichukua mchumba wake, akahama nayo kwenda machimboni, na hatukumsikia tena. Baba alipopata habari za msiba aliikuza picha ile, akaitia fremu, akampelekea mama wa marehemu bila kumdai chochote.

Baada ya muda yule mama akairudisha. Mume wake alikuwa ameshindwa kuishi nayo ndani. Akiingia akaiona, anatoka nje, na chakula kinapoa bila kuguswa.

"Baba Neema," akamwambia baba, kwa jina langu mimi, "nisaidie, mwanangu akae hapa kwako. Nikija sokoni nitakuwa namwona."

Baba akagongelea msumari siku ile ile.

Basi ikawa hivyo kwa miaka. Kila siku ya soko Mama Kabula alikuja mjini na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga. Akimaliza kuuza anapita kwetu, namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba mwanangu, kisha anakaa kwenye benchi la wateja na kumtazama binti yake. Hakuwa analia. Wakati mwingine alimsemesha kwa Kisukuma, sauti ya chini, anampa habari za nyumbani: nani kaolewa, ng'ombe yupi kazaa, mvua imeanza au bado. Wateja wageni walidhani anangoja zamu yake ya kupigwa picha. Akiridhika anainuka, anaacha karanga kidogo mezani, anakwenda kutafuta gari la kurudi Kisesa.

Halafu ikaja ile miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa vitu, na mji ukachangamka kweli. Ng'ambo ya barabara wakafungua duka lenye mashine ya picha za rangi, unapeleka filamu yako, unakwenda kunywa chai, unarudi picha ziko tayari. Baba alisema watu watachoka na zile rangi, watarudi. Hawakurudi. Tukabaki na wazee wachache waliotaka picha za pasipoti, tena kwa kumwonea baba huruma. Mwenye nyumba akaanza kupita mara kwa mara kudai kodi, na hakuwa anakaa hata ukimkaribisha kiti. Kila tulipomwona, baba aliingia chumba cha giza akajifanya ana kazi.

Ndipo akaingia mgeni mmoja, mtu mstaarabu, anaongea Kiswahili cha kutafutatafuta. Alisema anakusanya picha za zamani za studio, awaonyeshe watu wa kwao. Alizitazama zote polepole, tena kwa heshima, halafu akasimama mbele ya Kabula na hakuondoka tena. Alitaka hiyo, na fremu yake ile ile. Baba akakataa. Mgeni akapandisha bei. Baba akatazama mlangoni, kama vile mwenye nyumba yuko pale amesimama, kisha akanigeukia mimi.

"Filamu ipo, Neema," akasema.

Hapo, mwanangu, lazima uelewe watu wa kazi ile walivyofikiri, maana kosa lilikuwa la kikazi kabisa, mkulima au mvuvi asingelifanya. Kwa mpiga picha, picha yenyewe haikuwa kitu. Kitu ni filamu iliyoitoa. Watu walikuja kwetu wanalia kwamba nyumba imeungua na picha za harusi zimeteketea, baba anacheka, anawaambia filamu ipo, na baada ya siku mbili wanaondoka na nyingine mpya. Kwake yeye picha ilikuwa kama mkate, ukiuza huu unakanda mwingine, ilimradi unga uko ndani. Alikuwa anaamini hivyo maisha yake yote, na mimi nilimwamini. Nikaifunga picha kwenye magazeti kwa mikono yangu, nikafunga na kamba, nikampa mgeni. Baba alikwenda kwa mwenye nyumba saa ile ile, akarudi anapiga mluzi.

Siku iliyofuata akashusha debe la filamu za miaka ile. Lilikuwa linakaa juu, karibu na dari, na bati letu lilikuwa linavuja upande ule. Tulijua linavuja. Tulikuwa tunakinga maji ya sakafuni na kusahau yaliyopitia juu. Baba akafungua kifuniko, na filamu zilikuwa zimeshikana, zimekuwa donge moja.

Akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, akazilowesha, akakaa kwenye kigoda na kuanza kuzibandua moja moja kwa kidole. Alifika kwenye ya Kabula. Aliitambua kwa ile redio. Alipoitenganisha na mwenzake, ule utando wenye picha ukaachia, ukaelea juu ya maji kama utando wa chai ya maziwa. Akajaribu kuudaka, ukakatika. Akaendelea kukaa pale na mkono wake ndani ya beseni mpaka maji yakapoa. Sikuwahi kumwona baba akiwa mdogo kiasi kile, na niliogopa.

Alitoka mbio kwenda kwenye nyumba ya wageni. Mgeni alikuwa amekwenda stesheni, na huko stesheni treni ilikuwa imekwishaondoka. Hatukujua anaishi wapi. Hatukumuuliza hata jina la pili.

Siku ya soko ilipofika, mimi nilikuwa nimeshatunga maneno. Nikamwambia baba, "Tumwambie kioo kimepasuka, picha iko kwa fundi wa fremu."

Baba akakataa. "Neema, mama huyu alishazika. Usimfanye aanze kumngoja mtu ambaye harudi."

Nimeyabeba maneno hayo mpaka leo.

Mama Kabula aliingia, akaitikia shikamoo yangu, akakaa kwenye benchi, akainua macho. Ukuta ule ulikuwa umechakaa kwa miaka na kuwa mweusi mweusi, isipokuwa pale ilipokuwa picha. Pale palikuwa na mraba mweupe.

"Baba Neema, leo mwanangu yuko wapi?"

Baba alitoka nyuma ya meza, akaja akasimama mbele yake kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. "Mama Kabula, nimemuuza. Nilijua nitatoa picha nyingine. Filamu imeharibika. Nimemtafuta aliyemchukua, sijampata."

Yule mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Alikunja ncha ya khanga yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Huyo aliyemchukua," akauliza, "anajua jina lake?"

Hatukumwambia. Mgeni aliuliza ni picha ya mwaka gani, aliuliza pazia lilichorwa na nani, na baba alimweleza yote hayo kwa furaha. Jina la msichana hakuna aliyelitaja. Baba akatikisa kichwa, na machozi yakamtoka mbele yetu wote.

Mama Kabula akainuka, akafungua kifurushi chake, akaacha karanga mezani kama siku zote, akaenda zake. Zile karanga hakuna aliyeweza kuzila.

Nilidhani hatarudi. Siku ya soko iliyofuata alirudi, akakaa kwenye benchi lile lile, akatazama ule mraba mweupe na kuusemesha habari za nyumbani. Baba alikataa ukuta kupakwa rangi. Hata nilipotaka kutundika kalenda pale alinikemea. Lakini biashara haikuinuka tena, na haukupita muda mrefu mwenye nyumba akawapa chumba watu wengine. Wakapaka ukuta wote rangi mpya. Siku ya soko ya kwanza baada ya hapo, baba alikwenda kusimama nje ya mlango ule tangu asubuhi, ili Mama Kabula asikute mambo yale peke yake. Nilipowafuata na chai niliwakuta wamekaa kizingitini, na wateja wa watu wanawaruka kuingia ndani.

Sasa mwanangu, sikukatazi kuuza. Nyumba inataka bati jipya, naliona, na baba yangu naye hakuuza kwa tamaa. Ninachokuomba ni hiki. Kabla hujamwita mnunuzi wako, zishushe zote hapa chini, moja moja, na mimi nikiwa bado na akili zangu nikuambie nani ni nani. Andika nyuma ya kila moja. Wenye ndugu walio hai, nenda kawaulize, hata kama ni Nansio, panda meli uende, nauli nitakupa. Kama kuna mtu anakuja kuitazama, hiyo si yako ya kuuza. Usimwahidi mtu kitu kilicho ndani ya debe ambalo hujalifungua. Na ukikosea, kama babu yako alivyokosea, toka nyuma ya meza ukaseme mwenyewe. Na usiutoe uso wa mtu mlangoni kwako bila jina lake, mwanangu, usiutoe kabisa.

Mungu akujalie mkono unaotoa bila kupoteza, na akupe watu wa kukutaja jina hata mahali usipofika. Na kama huko duniani utaingia kwenye nyumba yoyote ukamkuta ukutani msichana wa gauni la maua, ameshika redio bubu, anajizuia asicheke, usipite kimya. Waambie wenyeji anaitwa Kabula, wa Kisesa, na mama yake alikuwa akimwona kila siku ya soko.