Nta Kwenye Mpira wa Petroli

Xavery amerina asali tangu ujana wake, na kwa mrina asali kila tundu duniani dawa yake ni nta. Ndoo ikivuja, nta. Mzinga ukipasuka, nta. Kwa hiyo fundi alipoishusha injini ya pikapu yake kuukuu, kisha akairudisha na kuacha mipira miwili ikining'inia chini ya boneti, Xavery hakuuliza ni ya nini. Aliiziba kwa nta, akaondoka zake kwa mbwembwe.

Mkewe, Eustadia, ndiye aliyelalamika wakiwa garini. "Baba Fikiri, humu ndani kunanuka petroli."

Xavery alivuta hewa, hakusikia kitu. Miaka ya kuinamia moshi wa mizinga ilishamlia pua, na hilo hakuwahi kumwambia mtu. Akaona ni maneno ya wanawake tu.

Juma lililopita Josepha, mwenye duka la asali Mtendeni, aliwarudishia mzigo wote. Ndoo husafiri ndani ya gari, nyuma ya kiti, ili zikwepe vumbi la barabara ya Kipalapala, na asali ilikuwa imenyonya harufu ya petroli. Josepha alisema kwa upole kwamba wakileta tena ya namna ile, atatafuta mrinaji mwingine. Xavery aliogopa kwelikweli, maana mnunuzi mwingine hana.

Leo asubuhi, injini ikiwa ya baridi, alifunua boneti. Petroli ilikuwa imeilainisha nta kama uji. Aliikwangua yote, akafuta vumbi kwenye kopo jeusi la plastiki, lile lenye mkaa wa kunasa mvuke wa petroli. Lilikuwa na midomo mitatu, kila mmoja na alama yake: wa tangi, wa injini, na wa kupumulia, ambao huachwa wazi. Tatizo ni ile mipira miwili ya kuchomekwa humo. Ilifanana kama mapacha.

"Mama Fikiri, fungua mfuniko wa tangi utege sikio."

Akapuliza mpira wa kwanza. Kimya. Akapuliza wa pili.

"Huo hewa yake inatokea huku," Eustadia alijibu.

Basi huo ni wa tangi. Tangi lilipofungwa na injini kuwashwa, ule mwingine ulimvuta kidole alichouzibia; basi huo ni wa injini. Akazima, akachomeka kila mpira kwenye mdomo wake, akakaza vibano.

Dukani Josepha alifunua ndoo ya asali mpya, akanusa, akaonja. "Hii naipokea," alisema. "Hebu nusa mwenyewe, Xavery."

Xavery aliinama, akavuta hewa. Halafu akamgeukia mkewe.

"Mimi sisikii harufu, mama Fikiri. Muda mrefu sasa. Inanukaje?"

Eustadia alikuwa na maneno mengi ya kumjibu, na yote aliyastahili. Alimtazama, akayameza. Akainamia ndoo pamoja naye.

"Miombo ikitoa maua," alimwambia taratibu. "Kabla mvua haijanyesha."